Barua Iliyolala kwa Shangazi Florence

Siku niliyokuwa naondoka Juba kwenda kufundisha Kiingereza nchini Chadi kwa mwaka mzima, shangazi yangu Florence aliingia chumbani kwangu saa tatu asubuhi, akaufunga mlango kwa mgongo, akatoa bahasha kifuani na kuitupa juu ya nguo zangu.

"Mrudishie mtu wako," akasema.

"Mtu wangu yupi?"

"Kwani una wangapi? Yule Mganda. Fundi wa mageti."

Nilikuwa nimepiga magoti juu ya sanduku nikiilazimisha zipu ifunge. Nikaiacha. Jina la Lubega lilikuwa halitajwi katika nyumba yetu ya Kator tangu Pasaka, na aliyelipiga marufuku ni huyuhuyu shangazi. Nilipomwambia kwamba kuna mwanamume anayenipenda, mchomelea vyuma wa Hai Malakal, mtu wa Masaka mwenye adabu zake, alinisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye jina. Hapo akasimama. "Huyo hafai," akasema, na sababu hakunipa hata moja. Akaenda kumwambia baba hivyohivyo, hafai, bila nyongeza. Baba kwa dada yake huyu hana ubishi mwingi.

Angekuwa mtu mwingine nisingemsikiliza. Lakini mama yangu alifariki tukiwa wakimbizi Koboko, Uganda, mimi nina miaka tisa, na mwanamke aliyenisuka nywele, akanipeleka shule na kunifundisha kupika mboga ya mulukia alikuwa Florence. Baadaye naye akafiwa na mume, akabaki hivyo katika nyumba yake ya jirani na yetu. Anauza bamia kavu na samaki wakavu soko la Konyo Konyo, na Jumapili hukaa benchi la mbele pamoja na kina mama wa kanisa. Mtu kama huyo akikwambia hafai, unaumia, lakini unanyamaza.

Baba yangu, mzee Ezbon, alikuwa na haki zaidi kidogo kuliko dada yake. Yeye aliacha mlango wazi, ila akauwekea siku. "Mwanamume mwenye nia huleta watu wake," aliniambia. "Wazee wake wakae hapa uani kwangu, waseme wametoka wapi na wameona nini. Kama mpaka siku unapanda ndege hajaleta hata mtu mmoja, basi ukirudi usinitajie jina lake tena."

Ndege ilikuwa saa nane na nusu mchana wa siku hiyo. Watu wa Lubega hawakuwa wameonekana.

Na mimi nina kiburi, sikatai. Nisingeweza kumwambia mwanamume njoo unipose. Nilimpigia mafumbo tu: watu wa fulani walikuja kwa jirani zetu kina Adeng Jumamosi, walikaribishwa vizuri. Lubega alikuwa anatabasamu kwa huzuni na kusema, "Na sisi tunasubiri." Anasubiri nini, sikuelewa. Nafasi ya Chadi ilipotokea, shule ya watu binafsi inayotafuta mwalimu anayejua Kiingereza na ambaye Kiarabu cha kule hakitamshinda, niliomba ili nione atafanya nini. Nilipomwambia nimeipata alisema, "Nenda." Neno moja. Hiyo ilikuwa siku kumi na moja zilizopita na hatukuwa tumeonana tena.

"Shangazi, bahasha hii umeitoa wapi?"

Akakaa kitandani, akaanza kukunja nguo ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. "Alinipa mwenyewe. Mwezi wa kwanza."

"Alikupa wewe?"

"Alikuwa amenitengenezea mlango wa kibanda kabla ya Krismasi. Kazi nzuri, maneno mazuri, mama hivi, mama vile. Nikasema, huyu amelelewa. Kumbe! Jumamosi moja nasikia hodi kwangu. Natoka, namkuta amevaa kanzu nyeupe, na koti la suti juu yake, na joto lote lile. Ameshika kikapu. Sukari, sabuni, mikate, mguu wa mbuzi umefungwa kwenye gazeti. Akapiga magoti, Poni! Mwanamume mzima amepiga magoti mlangoni kwa mjane, majirani wanaangalia! Akanipa hiyo barua kwa mikono miwili, akasema, 'Nitasubiri jibu.' Kalas, basi. Akaondoka."

"Na barua inasema nini?"

"Nitajuaje? Sijaifungua. Mimi ni mama wa kanisa."

Niliigeuza bahasha. Kweli, gundi haikuwa imeguswa, na juu hakukuwa na jina la mtu. Nikapiga hesabu ya miezi. Mwezi wa kwanza, mimi na Lubega tulikuwa tumependana mwaka mzima. Mwezi huohuo alinipeleka kula samaki Buluk na kuniambia kwamba akifumba macho ananiona mimi. Kumbe kanzu ilikuwa imeshafuliwa.

"Kwa nini unaniambia leo, Shangazi?"

"Kwa sababu siku kumi na moja nakusikia unalia jikoni unasingizia vitunguu. Sitaki upande ndege unamlilia mtu wa namna hiyo. Nilinyamaza kwa aibu. Malesh, nisamehe, mwanangu."

Sikulia. Hasira ilikausha kila kitu. Nilichofikiria, Mungu anisamehe, kilikuwa ule mguu wa mbuzi. Mwaka mzima wa mapenzi na mimi sijawahi kuletewa hata shingo ya kuku.

"Baba anarudi na gari saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Unakwenda wapi? Poni! Mtume mtu apeleke! Ya bineya, msichana wewe, una safari!"

Nilikuwa nimeshafika barabarani, bahasha mkononi, nasimamisha boda.

*

Njia yote mpaka Hai Malakal nilikuwa natunga sentensi. Mimi ni mwalimu hata nikikasirika, na nilitaka sentensi fupi isiyo na kosa, ambayo mtu akiisikia hawezi kuisahau. Niliipata karibu na karakana. Nilipomwona ikapotea.

Alikuwa amechutama anachomelea ua la chuma kwenye geti jipya. Alivaa ovaroli ya bluu iliyotobolewa na cheche, na miwani yake nyeusi ya kazi. Aliponiona alizima mashine, akaivua miwani, akasimama. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikajiambia ni moshi. Yakanitazama toka viatuni mpaka kichwani, taratibu, macho ya mtu anayejitahidi kukariri, na moyo wangu, msaliti mkubwa, ukaruka kama haujui tumekuja kufanya nini.

"Umekuja kuniaga," akasema. "Asante. Mimi nilifikiri wewe utaenda tu."

"Sikuja kukuaga. Nimekuja kukurudishia barua yako ya mapenzi."

Nikainyoosha. Akaitazama, halafu akarudi nyuma hatua moja.

"Hii," akasema polepole, "bado iko imefungwa?"

"Ulitaka aifungue? Mama aliyenilea, Lubega! Huna hata haya? Mchana uko na mimi, Jumamosi unavaa kanzu unakwenda kumpigia magoti shangazi yangu na mguu wa mbuzi!"

"Kwa hiyo mbuzi alifika," akasema.

"Usinichekeshe!"

"Mimi hapana kuchekesha. Mimi nauliza. Mbuzi alifika, sukari ilifika, barua ilifika. Sasa kwa nini haijaenda?"

"Iende wapi?"

"Kwa mzee. Kwa baba yako." Sauti yake ilianza kupanda, na Lubega si mtu wa kupandisha sauti. "Yeye hapana kufungua, yeye kazi yake kupeleka! Miezi minane! Mimi iko hapa miezi minane, kila simu ikilia nasema leo senga ananiita, leo senga ananiita. Kumbe barua iko imelala!"

"Senga ndiyo nani?"

"Dada ya baba, Poni. Kwetu sisi, dada ya baba ndiye mlango. Mwanaume hawezi kuenda kugonga kwa mzee hivihivi, hiyo ni matusi. Unaenda kwa senga kwanza. Unavaa vizuri, unabeba vitu, unapiga magoti, unampa barua ya mzee. Yeye anapeleka. Mzee akikubali, senga anakuita, ndiyo unaleta watu wako. Mpaka akuite, wewe unanyamaza. Hata msichana humuulizi, ni aibu."

Geti la mtu lilikuwa kati yetu, na mafundi wawili upande wa pili wa karakana walikuwa wameacha kazi kabisa.

"Kwetu shangazi hapewi barua," nikasema. "Kwetu wazee wako ndio wanakuja, wanakaa uani, wanaongea na baba. Mwanamume akimletea mwanamke sabuni na sukari nyumbani kwake, peke yake, amevaa vizuri..."

"Amevaa vizuri, nini?"

"Lubega, shangazi yangu alidhani unamtaka yeye."

Alinitazama. Akatazama bahasha. Akatafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya ndoo ya rangi. "Banange," akasema kwa sauti ndogo, kwa mshangao wa kwao. Halafu akayafunika macho kwa mikono yake yenye masizi, akasema tena, "Banange, banange, banange."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwetu msichana ndiye anaambia senga wake kwanza! Mimi nilikuuliza, baba yako iko na dada? Ukasema Florence. Nikauliza iko wapi, ukanionyesha mpaka kibanda. Nikasema sawa, Poni amenifungulia njia."

"Nilikuonyesha kwa sababu uliniuliza!"

"Sasa mimi nitajuaje?"

"Na ile siku nilipokwambia Chadi? Ulisema nenda. Neno moja, Lubega, kama unamwambia mteja."

Akaondoa mikono usoni. Mistari miwili ilikuwa imejichora kwenye masizi, na machozi hayo hayakuwa ya moshi.

"Nilifikiri hiyo ndiyo jibu," akasema. "Nilifikiri mzee amesoma barua, hataki Mganda, sasa anakupeleka mbali usinione. Na wewe umekubali. Mtu akikukataa kwa heshima hivyo, utasema nini? Nikasema nenda. Nikarudi hapa nikachoma geti la watu vibaya, likakataliwa."

Nilifungua bahasha kwa kucha. Ndani kulikuwa na karatasi moja ya mistari, mwandiko wa mtu aliyeandika rasimu nyingi kabla ya hiyo. Nimezoea kusoma maandishi ya watu nikitafuta makosa. Yalikuwepo, mengi, lakini sikuyaona sawasawa kwa sababu ya machozi; hapa nimeyasahihisha.

*Kwa Mzee Ezbon. Mimi ni Lubega, mtoto wa Mukasa wa Masaka. Hapa Juba sina mzee wa kunisemea, kwa hiyo nasema mwenyewe, nisamehe. Nimemwona binti yako Poni. Anapenda kunisahihisha na mimi napenda kusahihishwa na yeye. Naomba nizaliwe katika nyumba yako. Ukinikataa nitanyamaza. Ukinikubali nitaleta baba yangu na ndugu zake mbele yako.*

Sijui nilizungukaje lile geti. Najua tu kwamba masizi ya Lubega yalihamia kwenye blauzi yangu nyeupe ya safari, na kwamba mmoja wa mafundi alimpiga mwenzake begani akasema, "Tulisema!" Tangu Pasaka nilikuwa nimebeba jiwe, halafu nikagundua halikuwa langu. Nilicheka huku nalia, na Lubega akawa ananishika mabega na kuniuliza kama ninaumwa.

"Poni. Safari utaenda?"

"Unataka nisiende?"

Alifikiri. Nilimpenda kwa kufikiri kwanza. "Nataka uende. Mwaka utaisha. Mimi nilikuwa naogopa mwaka ambao hauishi."

"Basi vaa shati. Ndege ni saa nane na nusu na baba yangu anataka kumwona mtu wako hata mmoja kabla sijapanda."

"Mtu wangu? Sina mtu hapa!"

"Utakuwa wewe mwenyewe. Haraka!"

*

Tulifika Kator kwa boda mbili. Pikapu ya jirani ilikuwa imeshasimama nje, sanduku langu limepakiwa, na baba anatembea huku na huku na saa yake mkononi. Shangazi Florence alikuwa kwenye ngazi ameshika mfuko wa karanga zangu za safari. Alipomwona nani anashuka kwenye boda ya pili aligeuka kuingia jikoni.

"Shangazi, usikimbie!"

Nilimwahi mlangoni. Nikamshika mkono, nikamwambia sikioni, kwa haraka, kila kitu: senga ni nani, kikapu ni cha nini, barua ilikuwa ya nani. Nilitegemea atacheka au atakasirika. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliitazama barua, na kitu kikapita usoni mwake ambacho sikukielewa wakati huo. Halafu akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Kwa hiyo kwao mimi ndiye wa kupeleka."

"Wewe ndiye mlango."

Aliichukua. Akavuka uwanja kwa hatua za kanisani, akasimama mbele ya kaka yake na kumpa kwa mikono miwili. "Hii ilikuwa ije kwako mwezi wa kwanza," akasema. "Kosa ni langu. Soma."

Baba aliangalia barua, akamwangalia Lubega aliyekuwa amepiga magoti kwenye vumbi karibu na geti, akaniangalia mimi na blauzi yangu yenye alama mbili nyeusi za mikono. "Kalam shunu de?" akauliza. Yaani, ni mambo gani haya. Akavaa miwani, akasoma. Alisoma mara mbili, midomo inatembea. Nilikuwa nahesabu dakika, na si za ndege.

"Wewe," akamwambia Lubega. "Unasema unataka kuzaliwa katika nyumba yangu. Unataka nikuzae mimi? Na ndevu hizo?"

"Ndiyo, mzee. Kwetu ndivyo tunaomba. Mwanaume haji kuchukua mtoto ya watu. Anakuja kuzaliwa, awe mtoto ya pili."

Baba akaikunja barua. Baba yangu ni mtu anayecheka mara mbili kwa mwaka, Krismasi na siku moja nyingine isiyojulikana. Niliona bega lake likitikisika.

"Barua hii ni ya lini, Florence?"

"Mwezi wa kwanza."

"Na sasa ni mwezi wa tisa. Miezi minane umekaa humo ndani, kijana wangu. Kwa kawaida ni tisa." Akaivua miwani. "Umebakiza mmoja. Mwezi ujao leta baba yako na ndugu zake hapa. Watu wangu na wako wataongea. Huyu hahitajiki kwenye mazungumzo, aende akafundishe Kiingereza chake. Akirudi atukute tumemaliza. Sasa inuka, unachafua suruali, na sanduku la dada yako linahitaji mtu wa kulishikilia huko nyuma."

"Dada yangu?" Lubega akashtuka.

"Si umesema unataka kuzaliwa hapa?" akasema baba, na akacheka waziwazi, akiwa peke yake, kwa furaha kabisa. Ile siku nyingine ya mwaka ilikuwa imefika.

*

Baba alikaa mbele na dereva, mimi na Shangazi nyuma yao, na Lubega huko wazi amekumbatia sanduku langu. Kila tulipopita shimo nilimwona kwenye kioo akiruka na kutabasamu. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na mwili mwepesi hivyo. Nilitaka kumpungia mkono kila mtu wa barabarani.

Shangazi alikuwa amenishika mkono kwenye mapaja yake. Baba alipoanza kuzungumza na dereva, aliinamisha kichwa karibu na changu.

"Nikuambie kitu, na hutakisema kwa mtu."

"Sema."

"Si kwa sababu ya kanisa sikuifungua ile barua."

Nikamgeukia. Alikuwa anatazama mbele.

"Mume wangu amekufa miaka mingi sasa. Tangu azikwe hakuna mtu aliyeniletea hata sabuni. Wananiita mama, wanaomba nipunguze bei ya samaki, wanakwenda. Halafu siku moja mtu anakuja amevaa kanzu nyeupe, anapiga magoti. Nilimkasirikia, wallahi nilimkasirikia. Ni mdogo, hana akili, nitamkataa. Lakini nilinunua kitenge kipya wiki ile, Poni. Nikaiweka barua chini ya nguo. Nikasema nitaifungua kesho."

"Shangazi..."

"Ulipokuja na jina lake Pasaka, nilijua. Si kichwani. Hapa." Akagusa tumbo. "Nilijua nikiifungua nitakuta wewe ndani. Ikikaa imefungwa, basi angalau mtu mmoja hapa Juba aliniandikia. Ndiyo maana nikasema hafai. Nimekuliza miezi yote hii kwa ajili ya kitu cha kijinga hivyo."

Ningeweza kukasirika, na nina uwezo mkubwa wa kukasirika, mmeshaona. Lakini nilimtazama mwanamke huyu aliyenisuka nywele kila Jumamosi kwa miaka, na mimi sikuwahi hata mara moja kujiuliza nani anamsuka yeye. Nikamkumbatia pale kwenye kiti, kwa nguvu, mpaka karanga zikamwagika. Alipumua pumzi ndefu sana. Naye alikuwa ameibeba kwa miezi minane.

"Hukuniharibia kitu," nikamwambia. "Ninaye. Yuko hapo nyuma anarushwarushwa."

"Ni mtu mzuri," akasema, akijifuta macho. "Mguu wa mbuzi ulikuwa mnono."

Kwenye uwanja wa ndege baba alinibariki bila hotuba, mkono wake kichwani, na Shangazi akanirudishia nusu ya karanga iliyobaki. Halafu wote wawili wakapata ghafla kitu cha kuangalia upande mwingine. Lubega aliniwekea sanduku miguuni. Tulisimama karibu, bila kugusana, kwa heshima ya wazee, lakini macho yake yalikuwa yanafanya kazi yote.

"Mwaka mmoja," akasema. "Utaandika?"

"Nitaandika. Na wewe utaandika, na nitasahihisha."

"Kwa kalamu nyekundu?"

"Nyekundu kabisa." Nikasogea kidogo. "Lubega, katika wazee utakaowaleta mwezi ujao, yuko aliyefiwa na mke?"

Alishangaa, lakini akahesabu kwa vidole. "Iko Erifazi. Mdogo ya baba. Mke wake alikufa zamani."

"Mtu wa namna gani?"

"Mpole. Iko na shamba la kahawa. Anaimba kanisani, lakini vibaya."

"Meno anayo?"

"Yote. Poni, hii maswali ni ya nini?"

"Mlete. Hata kama atakataa, mlete. Na mkiingia uani kwa baba, hakikisha yeye ndiye anayebeba kikapu, na anampa shangazi yangu mkononi."

Ilimchukua muda. Kisha niliona imeingia, na akacheka kwa sauti mpaka askari wa mlangoni akageuka kututazama. Baba naye akageuka, na Shangazi Florence akauliza kwa mbali tunacheka nini. Nilimpungia mkono. Nilichukua sanduku langu, nikaingia ndani kwenda kuwafundisha watoto wa watu Kiingereza.